Gunia Bila Mfadhili: Utafiti wa Historia ya Wahindi wa Nachingwea na Ruangwa

Mwanafunzi wa fasihi akiambiwa ataje mhusika Mhindi katika riwaya za Afrika Mashariki, hachukui muda. Atamtaja Yasmin na mumewe Bwana Raza wa Vuta n'Kuvute (1999) ya Adam Shafi. Atamtaja Kalasinga, fundi magari wa Paradise (1994) ya Abdulrazak Gurnah, kitabu ambacho tangu 2022 tunacho kwa Kiswahili kwa jina la Peponi. Kama ni msomaji wa Kiingereza atafika pia kwa M. G. Vassanji. Sasa muulize swali la pili: huyo Mhindi wa kitabuni anafanana kiasi gani na yule aliyekaa nyuma ya kaunta pale Nachingwea au Ruangwa miaka ya hamsini? Hapo atanyamaza, na maktaba haitamsaidia sana.

Makala haya yanakusudia kueleza kimya hicho kinatoka wapi. Hoja yangu ni kwamba kwa sehemu kubwa kinatokana na fedha. Simaanishi kwamba fedha za utafiti hazikuja Kusini. Zimekuja, tena mara nyingi, ila kila zilipokuja zilikuwa na kitu zinachokitafuta, na kitu hicho hakikuwa duka.

Tuanze na mifano. Mwaka 1906 Karl Weule wa Leipzig alitumwa na serikali ya Kijerumani, akaingia bara ya Lindi na mashine ya kunasa sauti na kamera ya sinema, akatafuta mila za Wamakonde, Wayao na Wamakua. Kuanzia 1909 hadi 1913 wafadhili wa Berlin walilipia uchimbaji wa Tendaguru, mkoani humu humu Lindi, na mifupa ya dinosaria ikabebwa vichwani na wapagazi hadi pwani. Yaani hela ilipatikana kwa ajili ya mnyama aliyekufa miaka milioni mia moja na hamsini iliyopita. Halafu ukaja Mpango wa Karanga wa Waingereza, 1947 hadi 1951, uliomeza pauni milioni 36 hivi na kuiacha Nachingwea na reli ambayo baadaye iling'olewa, pamoja na majina ya mashamba kwa namba. Fam 17 inaitwa hivyo mpaka leo. Juu ya mpango huo yameandikwa mengi, kwa kuwa Bunge la London lilitaka kujua pesa zimekwenda wapi. Na tangu 2005 UNESCO imeuingiza urithi wa ukombozi wa Afrika katika mipango yake, hivyo kambi ya FRELIMO ya Nachingwea nayo imepata watu wa kuiulizia. Hilo ni jambo jema na halina ubishi.

Hebu tazama sasa kilichobaki katikati. Wahindi wa pwani ya Kilwa, Lindi na Mikindani, wengi wao wenye asili ya Gujarat na Kutch, walikuwa Khoja, Bohora na Baniani. Walifuata mazao kuingia bara: ufuta, mtama, karanga, baadaye korosho. Palipokuwa na gulio palikuwa na duka, na palipokuwa na duka palikuwa na mizani, gunia na daftari la madeni. Maneno yenyewe yanashuhudia. Gunia, pesa, laki, hundi, bima, gari, dobi, bangili, yote hayo yana asili ya upande wa pili wa bahari, na mkulima wa Ruangwa anayatumia bila kujiuliza. Huku kwetu Namungo (jina ambalo siku hizi mtu wa Dar akilisikia anafikiria mpira tu) historia hiyo iko midomoni, haiko vitabuni.

Kuondoka kwao pia hakukuwa na kelele. Azimio la Arusha la 1967 lilitaifisha makampuni makubwa ya biashara ya nje. Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja. Mwaka 1976 ikafuata Operesheni Maduka. Hakuna aliyepewa siku tisini kama Uganda mwaka 1972. Watu walihamia Lindi, kisha Dar es Salaam, kisha Uingereza au Kanada, familia moja moja, na mlango ukafungwa bila picha ya gazeti.

Jambo hili linahusiana moja kwa moja na ufadhili. Mfuko wa utafiti hupenda tukio. Waasia wa Uganda walifukuzwa mbele ya macho ya dunia, na kwa sababu hiyo leo Chuo Kikuu cha Carleton huko Ottawa kina mkusanyo wa habari zao, na mwaka 2022, ilipotimia miaka hamsini, mji wa Leicester ulipata fedha za bahati nasibu ya taifa la Uingereza kwa ajili ya kurekodi masimulizi yao na kuyafanyia maonyesho. Aidha, fedha hupenda ukoo mkubwa. Familia ya Karimjee Jivanjee ina kitabu chake kizuri, kilichoandikwa na Gijsbert Oonk na kutolewa 2009. Na tatu, fedha hupenda mji mkubwa. Vitabu vya maana kama Taifa cha James Brennan (2012) vinachimba Dar es Salaam hasa. Silaumu, nyaraka ziko huko. Ila mwenye duka wa Nachingwea hakufukuzwa na Amini, hakuwa tajiri wa kuandikiwa kitabu, na hakukaa Upanga. Amekosa sifa zote tatu.

Nairobi walijaribu njia nyingine. Mwaka 2000 Makumbusho ya Taifa ya Kenya, pamoja na Asian African Heritage Trust, yalifungua maonyesho ya urithi wa Waasia wa Afrika, yaliyosimamiwa na Sultan Somjee. Vitu vilitoka katika nyumba za watu: nguo, vyombo, picha, zana za mafundi. Mkabala wake ndio unaonivutia. Maonyesho hayakuanza na mtu maarufu, yalianza na kitu kilichoshikwa na mikono. Somjee baadaye aliandika riwaya, Bead Bai (2012), inayohusu mwanamke wa Kikhoja na biashara ya shanga. Msomaji ataona jinsi mambo yalivyofuatana: utafiti wa vitu kwanza, kisha fasihi.

Kwetu imekuwa kinyume, fasihi imetangulia na utafiti haujafika. Chukua The Gunny Sack ya Vassanji (1989), iliyopata Tuzo ya Waandishi ya Jumuiya ya Madola kwa kanda ya Afrika. Salim Juma anaachiwa gunia na bibi mmoja, Ji Bai. Ndani yake mna vikorokoro vya ukoo, na kila kikorokoro kinatoa hadithi, hadi tunamfikia Dhanji Govindji na mtumwa aliyezaa naye, Bibi Taratibu. Wahakiki wengi hulisoma gunia hilo kama ishara ya kumbukumbu. Sawa, ni ishara. Lakini mimi nadhani pia ni malalamiko ya mtu aliyekosa makavazi: mwandishi amelazimika kubuni gunia kwa sababu hakulipata la kweli. Katika The Magic of Saida (2012) anarudi Kilwa, na mhusika wake mkuu, Kamal, ana baba Mhindi na mama Mwafrika. Gurnah naye anaifungua Afterlives (2020) kwa Khalifa, ambaye baba yake ametoka Gujarat na mama yake ni mtu wa huku huku. Waandishi wawili, na wote wanakwenda kwa chotara. Nani atatuambia kama huo ni ukweli wa kijamii wa pwani ya Kusini na bara yake, au ni mbinu tu ya kisanaa ya kuunganisha pande mbili? Mhakiki hawezi kujibu kwa kuisoma riwaya mara ya tatu. Inabidi mtu akawaulize wazee.

Na hapa ndipo linapokuja swali la hela ya nyumbani. Mfuko wa Utamaduni Tanzania uliundwa 1998 kwa msaada wa Sweden, ukatoa ruzuku kwa miaka kadhaa, kisha ukafifia. Umefufuliwa kama Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, ambao unatoa mikopo kwa wasanii kupitia mabenki. Mkopo unamfaa mwenye studio au bendi, kwa sababu atauza kitu arejeshe. Lakini mtu anayekwenda Ruangwa kukaa mwezi mzima na bibi wa miaka themanini, akisikiliza nani alimkopesha nani khanga mwaka gani, atarejesha nini? Tuzo nazo zipo. Ya Mabati-Cornell ilianzishwa 2014, na ya Mwalimu Nyerere ikaanza kutolewa 2023. Ni tuzo za maana, lakini tuzo humlipa mwandishi baada ya kazi kwisha, tena kazi ya kubuni. Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya 1986, jina lake linasema macho yake yako wapi. Kwa hiyo katikati, kati ya mkopo na tuzo, pana pengo, na utafiti wetu umeangukia humo.

Kuna watakaosema: kwa nini Wahindi? Mkulima wa Kusini mwenyewe hajaandikwa vya kutosha, na huyo mwenye duka si ndiye aliyempunja kwenye mizani? Swali ni la haki, na mhakiki wa kitabaka ana sababu ya kulishikilia. Hata hivyo, kupunjwa kwenyewe ni uhusiano wa watu wawili, na sisi tunao upande mmoja tu, tena kwa muhtasari. Daftari la madeni ni kumbukumbu ya mkulima kama lilivyo ya dukawala: jina lake limo, gunia zake zimo, msiba uliomfanya akope sanda umo. Kulitafuta daftari hilo si kumsafisha mtu. Huenda likathibitisha wizi. Basi tuuone, kwa tarakimu.

Tatizo ni kwamba daftari za namna hiyo, Afrika Mashariki nzima, ziliandikwa mara nyingi kwa Kigujarati, na mwanafunzi wa Kiswahili hakisomi. Kwa hiyo gharama ya kwanza si kamera wala gari, ni mwalimu. Hata Kiswahili cha madukani, kile tunachokiigiza kwenye vichekesho vya bweni, hakijachunguzwa kwa heshima inayostahili lahaja yoyote nyingine. Nacho kilikuwa lugha ya kazi ya watu wazima waliopatana bei kila siku ya Mungu.

Na jamani, tusiseme haiwezekani bila mzungu mwenye mfuko. Mwaka 1968 Idara ya Historia pale Mlimani, chini ya John Iliffe na Gilbert Gwassa, iliwatuma wanafunzi kwenye sehemu zao kukusanya masimulizi ya Vita vya Maji Maji. Walikwenda na madaftari, wakawakuta wazee waliokuwa hai wakati wa vita, wakaandika. Karatasi zao zilikusanywa na kutolewa, na mpaka leo mtu haandiki juu ya Maji Maji bila kuzigusa. Hata utenzi wa vita hivyo, kazi ya Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, tunao mkononi kwa sababu Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilikubali kulipia chapa mwaka 1957. Mradi wa 1968 ulikuwa na swali moja, vita, na mwenye duka hakuwa sehemu ya swali hilo. Lakini njia ipo na imekwisha kujaribiwa.

Waliokuwa vijana wa dukani mwaka 1960, Wahindi na Waafrika waliowapimia sukari, leo wamepita miaka themanini. Kinachotakiwa ni ruzuku ndogo ndogo za likizo: nauli ya basi hadi Nachingwea na Ruangwa, posho isiyokula bumu la mwanafunzi, kinasa sauti, mtu wa kusoma Kigujarati, na nakala moja ibaki maktaba ya wilaya badala ya zote kupelekwa Dar. Idara mbili, ya fasihi na ya historia, zingeweza kuandika ombi hilo pamoja katika muhula mmoja, na kulipeleka kwanza kwa wafanyabiashara wa Dar es Salaam ambao babu zao walishuka bandari ya Lindi.