Mahindi Yanayostahimili Jua na Ukame

Imepokewa katika Hadithi ya kuwa Bwana Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta watu wakichukua unga wa mtende dume na kuutia katika mtende jike. Akasema huenda wakiacha ikawa bora. Wakaacha, na tende zikapungua. Walipompa habari, aliwafahamisha kuwa yeye ni mwanadamu, na kwamba mambo kama hayo ya dunia yao wao huyajua zaidi. Kisa hiki tumewafundisha watoto chuoni miaka mingi, wala hatukudhani kwamba chahusu shamba letu wenyewe.

Shamba hilo liko huku Ilemela, upande wa Sangabuye. Mgeni alionapo Ziwa Viktoria hudhani kuwa kwetu hakuna ukame. Lakini mahindi yetu hayanyweshwi maji ya ziwa. Yangojea mvua ya vuli na ya masika, na mvua ikikatika wakati wa maua, twavuna magunzi. Miaka michache iliyopita tulinunua mbegu chotara, tukapata mavuno mema. Msimu wa pili tuliona ni israfu kununua tena. Tukachagua mahindi manene kuliko yote, tukayapukuchua na kuyapanda. Yakaota marefu kwa mafupi, na jua lilipokaza mengi hayakubeba kitu. Chakula hicho kilikuwa cha wanafunzi wetu, na mwaka huo ilitubidi kubisha hodi kwa majirani. Tulimlaumu aliyetuuzia mbegu, kumbe kosa lilikuwa letu.

Sababu ni hii. Mhindi una dume na jike katika mti mmoja. Kileleni pana mbelewele, itoayo unga wa uzazi. Ubavuni pana hindi changa lenye ndevu. Kila uzi wa ndevu hushuka kwenye punje yake, na uzi usiopata unga, punje yake haizaliwi. Ukame uingiapo, mbelewele hutoa unga kwa wakati wake, lakini ndevu huchelewa. Zitokezapo, unga umekwisha. Tena joto likipita digrii 35, unga wenyewe huweza kufa. Mwaka 2011 wataalamu waliopima majaribio zaidi ya 20,000 ya mahindi Afrika walieleza kuwa kila digrii moja juu ya 30, kwa siku moja tu, hupunguza mavuno kwa asilimia 1 hata mvua ikitosha, na kwa asilimia 1.7 panapo ukame.

Basi watu wenye elimu walifanya nini? Tangu miaka ya 1970, wataalamu wa CIMMYT, taasisi ya mahindi na ngano iliyoko Mexico, walipanda mahindi wakati wa kiangazi, wakayanyima maji kwa makusudi yalipokaribia kutoa maua, kisha wakachagua yale ambayo ndevu zake hazikuchelewa. Majaribio ya namna hiyo hufanywa pia Kiboko, nchini Kenya. Mahindi yaliyochaguliwa huzalishwa kwa unga wake yenyewe, kizazi baada ya kizazi, hata tabia yake itulie. Kisha koo mbili mbalimbali hupandwa jirani. Mbelewele za ukoo mmoja hung'olewa, ili upokee unga wa ukoo wa pili. Mtoto wao ndiye chotara, naye huwashinda wazazi wake kwa nguvu. Mwaka 2008 ulianza mradi wa WEMA kwa ajili ya kazi hii, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zake tano.

Lakini nguvu hiyo ni ya kizazi kimoja. Ukipanda punje za chotara, kiasi cha nusu ya nguvu iliyopatikana kwa kuchanganya hupotea, na watoto hutawanyika, huyu kwa babu, huyu kwa bibi. Hilo ndilo lililotupata.

Wako wanaouliza kama huku ni kuchezea maumbile. Chotara tunazozisema zimetokana na kukutanisha hindi kwa hindi, kama mitende ya Madina. Mahindi yaliyotiwa chembe za urithi za kiumbe kingine ni jambo jingine. Hayo yalipandwa kwa majaribio Makutupora, Dodoma, mwaka 2016, na Serikali ikaamuru majaribio yasimamishwe mwaka 2018.

Enyi vijana, mkiwashauri wazee wenu, waambieni hivi. Mwenye kununua chotara aweke akiba ya kununua tena kila msimu, na aangalie lebo ya TOSCI mfukoni, maana wadanganyifu wako. Asiye na uwezo huo asione haya: ziko mbegu zisizo chotara, kama Situka na Staha, ambazo mtu aweza kujiwekea mwenyewe, akichagua mahindi ya miti mingi iliyo katikati ya shamba. Wala asiache muhogo na viazi vyake, kwa kuwa mbegu istahimiliyo ukame haioti pasipo mvua kabisa.

Mvua ni ya Mwenyezi Mungu, nasi hatuna amri juu yake. Lakini kujua mbegu tunayoitia ardhini ni kazi tuliyoachiwa sisi. Mola atupe mvua yenye kheri, na atuzidishie elimu ya kuipokea. Amin.