Ekari 14 za Bunduki: Tuliyoyaona Houston

Mwezi Mei 2022, siku 3 tu baada ya kijana wa miaka 18 kuingia katika shule ya msingi ya Robb mjini Uvalde, jimbo la Texas, na kuwaua wanafunzi 19 na walimu 2, chama cha wamiliki wa bunduki cha Marekani, NRA, kilifungua mkutano wake wa mwaka mjini Houston, katika jimbo hilohilo. Tuliingia ukumbini pamoja na maelfu ya wageni. Tunayaeleza tuliyoyaona kwa sababu familia zetu nyingi leo zina ndugu na wajukuu wanaolelewa katika miji ya Marekani.

Msomaji aliyezoea Sabasaba atauelewa ukumbi ule mara moja: mabanda kwa safu, taa kali, wauzaji wachangamfu, watoto walioshikwa mikono na wazazi wao. Kilicho kigeni ni bidhaa. Waandaaji wenyewe hujinadi kuwa na ekari 14 za bunduki na vifaa vyake. Zimo bastola ndogo za kutia mkobani, bunduki za kuwindia zenye vitako vya mbao, bunduki nyeusi zinazofanana na za jeshini, darubini za kulengea na makasha ya chuma. Mgeni huinyanyua bunduki, akaiegemeza begani, akavuta kifyatulio, kisha akairudisha mezani na kuendelea na matembezi yake.

Hata hivyo, bunduki za maonyesho huwa zimeondolewa pini, hivyo haziwezi kufyatua risasi. Wala mnunuzi haondoki nayo. Huipokea kwa muuzaji mwenye leseni karibu na kwao. Na Donald Trump alipohutubia mkutano huo, walinzi wake walikataza silaha katika ukumbi wa hotuba, ilhali sheria ya Texas humruhusu mtu mzima kutembea na bastola bila hata kibali. Basi wapenzi wa bunduki wenyewe wanakiri kwa vitendo kwamba penye msongamano wa watu silaha yataka kizuizi. Sisi tulikwisha fundishwa hilo zamani: Mtume (SAW) alimwagiza apitaye msikitini au sokoni na mishale azishike ncha zake, asije akamjeruhi mtu.

Ng'ambo ya barabara, katika bustani ya Discovery Green, waandamanaji walisimama na picha za watoto waliouawa. Kampuni ya Daniel Defense, iliyotengeneza bunduki iliyotumika Uvalde, ilijiondoa katika maonyesho. Bunduki ile haikuibwa. Muuaji aliinunua kihalali, siku chache baada ya kutimiza miaka 18.

Uadilifu unatutaka tuseme pia kwamba wengi waliokuwa ukumbini ni wawindaji na wazazi wa kawaida. NRA yenyewe iliasisiwa mwaka 1871 na maafisa wa jeshi la Kaskazini waliosikitishwa na askari wasiojua kulenga shabaha katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Leo hoja yake kuu ni kwamba mwema mwenye silaha ndiye kinga dhidi ya mwovu mwenye silaha. Ni hoja inayogusa nyoyo za waumini pia tangu tarehe 15 Machi 2019, walipouawa watu 51 katika misikiti 2 ya Christchurch. New Zealand ilishika njia nyingine: haukupita mwezi, bunge lake likapiga marufuku bunduki nyingi zinazojipakia risasi zenyewe, kwa kura 119 dhidi ya 1.

Kuilinda nafsi ni miongoni mwa makusudio makuu ya sheria yetu, na hatumlaumu anayeihofia familia yake. Lakini na aipime hatari kwa mizani sahihi. Nchini Marekani, mwaka 2020 bunduki zilipita ajali za magari na kuwa sababu ya kwanza ya vifo vya watoto na vijana. Aidha, zaidi ya nusu ya wanaokufa kwa bunduki nchini humo hujiua wenyewe. Silaha iliyonunuliwa kwa kumhofia mwizi huishia mara nyingi mikononi mwa aliye ndani: mtoto mdadisi, au kijana aliyekata tamaa usiku mmoja.

Kwa hiyo tunawausia ndugu zetu walio huko mambo mawili. Kwanza, aliye na bunduki aihifadhi kama wanavyoshauri madaktari wa watoto: iwe tupu, imefungwa kwa kufuli, na risasi zifungiwe mahali pengine. Pili, kabla ya kumruhusu mtoto kwenda kucheza kwa jirani, ulizeni kama kuna bunduki nyumbani humo na imewekwa wapi. Msione haya. Mzazi huuliza kama kuna mbwa mkali, naye jirani hakasiriki. Na hili ni zito kuliko mbwa.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu na watoto wa jirani zetu. Amin.