Maneno ya Kiingereza ya Kukabili Shida

Mtu ajifunzaye Kiingereza kwa kamusi huona ya kuwa "cope", "manage", "deal with", "tackle", "solve" na "overcome" yote ni maneno ya kushughulika na shida, naye hudhani ya kuwa aweza kuchukua lolote, kama mtu achaguaye embe kikapuni. Mimi nami nalidhani vivyo hivyo, na dhana hiyo iliharibu magunia ya mahindi.

Nalikuwa karani wa stoo. Masika yalipoanza, paa likavuja. Nikasogeza magunia, nikaweka ndoo mbili chini ya tundu, kisha nikamwandikia Bwana Mkubwa aliyekuwa mbali: "I have dealt with the leaking roof." Nilitaka kumwambia ya kuwa nimefanya niwezavyo. Yeye alielewa ya kuwa paa limetengenezwa, wala hakumtuma fundi. Usiku mmoja mvua ilizidi, ndoo zikafurika, na asubuhi magunia ya chini yote yalikuwa yameloa. Aliponiuliza sababu nilimwonyesha ndoo, naye akanionyesha barua yangu.

Neno nililolihitaji ni "cope". Asili yake ni neno la Kifaransa cha kale lenye maana ya pigo, na zamani Waingereza walilitumia kwa watu wanaopigana. Siku hizi alitumiaye asema ya kuwa shida bado ipo, lakini haijamshinda. Kama ningaliandika, "We are coping with the leak, but the roof must be mended," fundi angalikuja. Sehemu ile ya pili ya sentensi ni ya lazima, maana mkubwa akisoma "we are coping" peke yake aweza kudhani ya kuwa hamhitaji msaada. Tena, huku kwetu twasikia sana watu wakisema "cope up with". Neno "up" halina kazi hapo. Kiingereza sanifu ni "cope with" tu.

"Manage" limekaribiana nalo, nalo latokana na neno la Kiitaliano la kumwongoza farasi. Sisi husema kumudu. "I managed to finish the work" maana yake kazi imekwisha, ingawa kwa taabu. Lakini jihadhari: Mwingereza akikuambia, "You managed to lose the key," usimshukuru. Hiyo ni dhihaka.

"Tackle" lilikuwa neno la mabaharia, yaani kamba na roda za merikebu. Baadaye likaingia hata katika mpira, kwa mchezaji amwendeaye mwenzake ili amnyang'anye. Basi atumiaye neno hili asema ya kuwa ameivamia shida kwa nguvu. Kama ameishinda, hajasema bado. Nalo halitaki "with": ni "tackle the problem".

"Solve" ni neno la Kilatini, maana yake kufungua kilichofungwa. Hapa lugha yetu yatusaidia sana, maana kilicho tata hutatuliwa, na ndiyo sababu twasema kutatua tatizo. Basi "solve" hufaa kwa jambo lenye fundo liwezalo kufunguliwa, kama hesabu, fumbo au wizi usiojulikana mwizi wake. Aliyefiwa na mzazi hawezi ku-"solve" msiba wake. Aweza ku-"cope with" tu, siku baada ya siku.

Limebaki "overcome", yaani kushinda kabisa. Likitumiwa kwa jambo lililopita huwa "overcame". Lakini katika "He was overcome by smoke", mshindi ni moshi, na mtu huyo ndiye aliyeanguka. Wanafunzi hukosea sana hapa, ingawa mwenye kujua tofauti ya kushinda na kushindwa hapaswi kutishika.

Waombao kazi hulipenda mno neno hili. Huandika ya kuwa "overcame many difficulties", na barua hupendeza. Kisha siku ya kuhojiwa huulizwa: difficulties zipi, na ulizishindaje? Kijana aliyeandika "I managed to finish school by working during the holidays" ana jibu tayari, maana amekwisha kulitoa katika sentensi yenyewe.