Bumpa ya elfu ishirini na nane

Ijumaa iliyopita, tulipotoka msikitini hapa Mwabungo, jirani yangu alinivuta kando akanionyesha karatasi ya bima. Mwaka jana alilipa shilingi 36,000. Mwaka huu aambiwa alete 44,000 kwa gari lile lile, thamani iliyoandikwa 800,000. "Bwana, mbona wanipandishia na gari lazeeka?"

Nikamuuliza kama amewahi kudai. Kumbe alipiga nguzo akienda Ukunda, bumpa ikavunjika, bima ikatengeneza.

Hapo ndipo penye hesabu. Bima yake ni ile kubwa, komprehensivu, inayotozwa kwa asilimia ya thamani ya gari. Kiwango chake kilikuwa asilimia 5, yaani 40,000, akapunguziwa sehemu ya kumi kwa kuwa hakuwa amedai kitu. Alipodai, punguzo likaenda zake, na kiwango kikapanda hadi asilimia 5.5. Fundi alitaka 28,000. Lakini mkataba wasema asilimia 2.5 ya thamani hubebwa na mwenye gari, nayo ni 20,000. Kwa hivyo kampuni ilitoa 8,000 tu, na mwaka huu yazirudisha zote. Laiti angeisoma ile karatasi kabla ya kudai, bumpa angeilipa mwenyewe.

Wenye thad pati msicheke. Yenu hulipa mliyemdhuru, gari lenu hamtengenezewi hata likiwa chapati. Na wale wanaoniuliza kama takaful haipandi: nayo huangalia madai, ila mfuko ukibaki na ziada, wanachama waweza kurudishiwa fungu.

Lakini tusichanganye bumpa na mtu. Barabara hii ya Likoni hadi Lunga Lunga ina bodaboda, watoto wa shule na ng'ombe, na nimesikia madereva wakisema, "Tumalizane hapa hapa, bima isijue." Mwampa kijana elfu tano, mwapeana mikono. Miezi baadaye mguu haujapona, barua ya wakili yaingia, na kampuni yauliza mbona hukuipa habari. Sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, yamlinda aliyeumia: kampuni yaweza kulazimika kumlipa, kisha ikugeukie wewe ikudai pesa zake kwa kuvunja mkataba. Hapo si suala la 8,000 tena, ni shamba.

Mtu akiumia, nenda polisi uandikishe, uchukue abstrakti, na uijulishe kampuni kwa maandishi siku hiyo hiyo. Hata kwa mkwaruzo wa kujilipia, toa habari na useme wazi kwamba hudai kitu.

Jirani sasa ataka kuhamia kampuni nyingine. Nimemwambia fomu itamuuliza ajali alizopata, na akiandika uongo, siku ya kudai huenda wakamkatalia. Amerudi kubembelezana na wakala wake.