Unafikiria kuvunja ndoa? Soma hii kabla hujaamua

Saa nane usiku. Mwenzako amelala, au hajarudi kabisa. Wewe umeshika simu, na swali moja linakuzunguka kichwani: niendelee au niishie hapa?

Sio swali dogo. Kuna watoto, kuna nyumba mliyojenga kidogo kidogo, kuna mama atakayekwambia "vumilia mwanangu, ndoa ndivyo zilivyo". Wengi wanabaki miaka wakisubiri siku ambayo uamuzi utakuwa mwepesi. Siku hiyo haiji.

Subiri hasira ishuke

Uamuzi wa usiku wa ugomvi mara nyingi hubadilika asubuhi. Ukitulia, jiulize: nimeshamwambia wazi kinachoniumiza, au nimenuna tu nikitegemea ajue mwenyewe? Akikosea, anabadilika, au anaomba msamaha ule ule kila mwezi?

Na kama bado unampenda lakini unataka kuondoka, hujachanganyikiwa. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili kwa wakati mmoja, ndiyo maana inauma.

Kama kuna kipigo, toka kwanza

Unapigwa au unatishiwa maisha? Usikae kutafakari ndani ya nyumba hiyo. Nenda kwa mtu unayemwamini, kisha ripoti Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Kutoka nyumbani ili uwe salama hakuvunji ndoa. Hilo la talaka utaliamua baadaye, ukiwa mahali salama.

Sheria inasemaje?

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mahakama ijiridhishe na jambo moja: ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika? Ushahidi unaweza kuwa ukatili wa kimwili au kiakili, uzinzi, au kutelekezwa kwa miaka 3 au zaidi.

Lakini huendi mahakamani moja kwa moja:

• Mnaanzia baraza la usuluhishi wa ndoa. Likishindwa kuwapatanisha, linatoa hati ya kuthibitisha hivyo. Zipo hali chache ambazo hatua hii inarukwa, mfano mwenzako amekutelekeza na hajulikani alipo.

• Ndoa yenye umri chini ya miaka 2 inahitaji ruhusa maalumu ya mahakama kabla ya kudai talaka.

• Ukiwa na hati ya baraza, unaweza kufungua shauri hata Mahakama ya Mwanzo.

Hujawa tayari kwa talaka? Unaweza kuomba mahakama iamuru mtengane tu. Ndoa inabaki, ila kila mtu anaishi kwake.

"Sina kazi, sitapata kitu"

Hofu hii imewafunga wanawake wengi. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango katika kupatikana kwa mali ya familia. Ila usitegemee nusu kwa nusu moja kwa moja. Mahakama inapima mchango wa kila mmoja.

Kwa watoto, kinachotangulia ni ustawi wao. Sheria inaanza na dhana kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 akae na mama, lakini dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi.

Anza na haya

Tafuta mtu mmoja wa kuongea naye, anayejua kutunza siri. Kundi la WhatsApp halifai kwa hili. Anaweza kuwa afisa ustawi wa jamii, kiongozi wako wa dini au mtoa msaada wa kisheria wa bure.

Weka pamoja cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na risiti au hati za mali. Kuwa navyo hakukulazimishi kuondoka, ila siku ukivihitaji hutaanza kuhangaika.

Na ukiamua kubaki, baki kwa sababu kuna kitu kimebadilika. Watu watasema tu, ubaki au uondoke. Maisha ya ndani ya nyumba hiyo unayaishi wewe.