Kioo cha Kinga cha Simu: Ahadi za Pakiti na Uwezo Halisi

Ni nadra siku hizi mtu kununua simu janja na kuondoka dukani bila kuulizwa iwapo abandikiwe kioo cha kinga, ambacho wengi hukiita protekta. Juu ya pakiti yake huandikwa mengi: ugumu wa 9H, 9D au 21D, kinga dhidi ya kupasuka, kinga ya macho, kinga ya mionzi. Aghalabu bei hupanda kadiri maandishi yanavyoongezeka. Mlaji naye hulipa bila kusita, kwa kuwa kubadilisha kioo cha simu kilichopasuka ni gharama kubwa, na simu hiyohiyo ndiyo pochi yake na daftari lake la biashara. Makala haya yanaeleza ni ahadi zipi hutimizwa, zipi hutimizwa kwa kiasi, na zipi hazina msingi, ili mlaji alipie kile tu atakachokipata.

Ugumu wa 9H ni wa penseli

Alama ya 9H haikutokana na upimaji wa vioo. Katika kipimo kinachojulikana kimataifa kwa jina la ISO 15184, penseli za ugumu mbalimbali, kuanzia 9B iliyo laini kabisa hadi 9H iliyo ngumu kabisa, hukokotwa juu ya uso uliopakwa rangi au vanishi ili kuona ni ipi itakayoacha alama. Kipimo hicho kiliwekwa kwa ajili ya rangi na vanishi. Kioo, hata kile cha dirishani, kwa kawaida hakidhuriki kwa penseli yoyote kati ya hizo. Kwa hiyo kusema kwamba kioo kina ugumu wa 9H ni kusema tu kwamba ni kioo.

Walaji wengi huichanganya tarakimu hiyo na kipimo kingine, kilichobuniwa na Mjerumani Friedrich Mohs mwaka 1812, ambacho huyapanga madini kwa ugumu kuanzia 1 hadi 10. Katika kipimo hicho almasi ni 10 na yakuti ni 9. Kioo cha simu, pamoja na kioo cha kinga, huanza kukwaruzika kwa madini yenye ugumu wa 6, na mikwaruzo huwa ya kina zaidi kwa yale yenye ugumu wa 7. Si sahihi, basi, kudhani kwamba kioo cha 9H kinakaribia ugumu wa yakuti.

Jambo hili lina maana katika maisha ya kila siku. Funguo na sarafu, ambazo watu huziogopa, kwa kawaida ni laini kuliko kioo. Adui halisi ni mchanga, kwa kuwa sehemu kubwa ya mchanga wa kawaida ni madini ya kwatzi, yenye ugumu wa 7. Chembe chache zilizobaki mfukoni baada ya matembezi ya ufukweni, kazi ya ujenzi au safari ya barabara ya vumbi hutosha kukikwaruza kioo chochote cha simu. Hapa ndipo kioo cha kinga kinapostahili bei yake: mikwaruzo hukipata chenyewe, kikabanduliwa na kuwekwa kingine, huku kioo cha simu kikibaki kizima.

Tarakimu za D

Alama ya 2.5D ilitumika kueleza kioo bapa ambacho kingo zake zimeviringwa, na 3D kioo kilichopindwa kufuata mkunjo wa skrini. Maelezo hayo yana maana. Lakini 9D, 11D na 21D hazipimi chochote. Hakuna kiwango kinachokubalika kinachozieleza, wala umbo la kitu halina zaidi ya urefu, upana na kimo. Mlaji asiongeze hata shilingi moja kwa sababu ya tarakimu hiyo.

Je, huzuia kupasuka?

Ugumu dhidi ya mikwaruzo na uimara dhidi ya kishindo ni mambo mawili tofauti. Mhandisi Mwingereza A. A. Griffith alionyesha mwaka 1921 kwamba kioo hupasuka kuanzia kwenye nyufa ndogo mno zilizomo ndani yake au juu ya uso wake. Simu inapoanguka, kioo hupinda. Upande unaovutwa ukiwa na ufa, ufa huo hukimbia na kioo chote kikapasuka. Ndiyo maana vioo vya simu huimarishwa kwa kuchovywa katika chumvi ya potasiamu iliyoyeyushwa kwa joto la nyuzijoto 400 hivi za Selsiasi. Ayoni ndogo za sodiamu hutoka na zile kubwa za potasiamu huchukua nafasi zao, uso wa kioo ukabanana na nyufa zikazuiwa kufunguka.

Kioo cha kinga, chenye unene wa takribani theluthi moja ya milimita, husaidia kwa njia mbili. Kwanza, hukiepusha kioo cha simu na mikwaruzo ambayo baadaye ingekuwa chanzo cha ufa. Pili, simu ikiangukia kifudifudi juu ya kokoto, ncha ya kokoto hukutana na kioo cha kinga kwanza. Hata hivyo, simu nyingi huanguka kwa pembe au kwa ukingo, mahali ambapo kioo hicho hakifiki. Kishindo cha pembeni hupita kwenye fremu na kuingia moja kwa moja katika kioo cha simu. Kinachosaidia hapo ni kava lenye kingo zilizoinuka kupita uso wa skrini na pembe zenye mpira mnene. Mwenye fedha ya kununua kimoja tu, na anayehofia zaidi kuangusha simu, atangulize kava.

Wauzaji hupenda kuonyesha kioo cha kinga kilichopasuka juu ya skrini iliyo salama, wakasema kimejitoa mhanga. Huenda ikawa kweli, lakini hali hiyo peke yake si ushahidi. Kioo cha kinga ni chembamba kuliko kioo cha simu, na kingo zake hugongwagongwa kila siku, hivyo hupasuka kwa kishindo ambacho kioo cha simu kingekistahimili bila msaada. Tahadhari zaidi inahitajika kwa kinga ya maji inayopakwa kwa kitambaa. Tabaka lake ni jembamba mno kuweza kupunguza nguvu ya kishindo, na mlaji hana njia ya kuona kama lipo au limekwisha kufutika.

Kinga ya macho na ya mionzi

Baadhi ya vioo huuzwa kwa ahadi ya kuzuia mwanga wa bluu. Muuzaji humulika kioo kwa kalamu ya mwanga, na mwanga usipopita, mnunuzi huridhika. Lakini kalamu nyingi za aina hiyo hutoa mwanga wa urujuani, wenye urefu wa mawimbi wa nanomita 405 hivi, ilhali bluu ya skrini iko karibu na nanomita 450. Kioo kinachozuia sehemu kubwa ya bluu hiyo huonekana cha njano. Kilicho cheupe kabisa huipitisha karibu yote.

Hata kama kingeizuia, faida yake kwa uchovu wa macho haijathibitishwa. Mapitio ya taasisi ya Cochrane ya mwaka 2023, yaliyojumuisha majaribio 17 ya miwani ya kuchuja mwanga wa bluu, hayakuona kwamba miwani hiyo hupunguza uchovu wa macho kwa muda mfupi ikilinganishwa na miwani ya kawaida. Macho huchoka kwa kutazama karibu kwa muda mrefu na kwa kupepesa kope kwa nadra. Kupumzika ni bure, na simu nyingi zina mpangilio wa usiku unaopunguza bluu bila malipo.

Ahadi ya kuzuia mionzi ya simu ni mbaya zaidi. Simu haiwezi kufanya kazi bila mawimbi ya redio. Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani imekwisha kuwatahadharisha walaji kwamba vibandiko vya aina hii havijathibitishwa kufanya kazi, na kwamba vikiyazuia mawimbi huenda simu ikaongeza nguvu ili ipate mtandao.

Faragha na alama ya kidole

Kioo cha faragha hutimiza ahadi yake: vijistari vyembamba vilivyomo ndani yake humzuia aliyekaa ubavuni asisome skrini. Mnunuzi ajue tu kwamba skrini hufifia, na kwamba aliyesimama nyuma yake huona kila kitu.

Kwa simu zenye kitambuzi cha kidole chini ya skrini, kinga isiyofaa inaweza kuwa hatari kwa fedha zako. Mwezi Oktoba 2019 kampuni ya Samsung ilieleza kwamba baadhi ya kava za silikoni zinazofunika skrini zilifanya simu za Galaxy S10 na Note10 zifunguke kwa vidole visivyosajiliwa, kwa kuwa kitambuzi kilisoma michoro ya kava kana kwamba ni alama ya kidole. Kampuni ilitoa marekebisho ya programu mwezi huohuo. Kila unapoweka kinga mpya, sajili kidole upya, kisha umwombe mtu unayemwamini ajaribu kuifungua simu kwa kidole chake. Ikifunguka, ondoa kinga hiyo na ufute alama zilizosajiliwa.

Kabla ya kulipa

Mlaji anashauriwa kuzingatia yafuatayo:

1. Chagua kioo kilichokatwa kwa ajili ya aina halisi ya simu yako, kisichogongana na kava.
2. Hakikisha gundi imeshika uso wote. Pengo la pembeni huingiza vumbi.
3. Usilipe ziada kwa ajili ya 9H, tarakimu za D au kinga ya mionzi.
4. Ukiahidiwa dhamana, ipate kwa maandishi, ikieleza kama inahusu kioo cha kinga pekee au pia skrini ya simu.
5. Dai risiti, na uhifadhi pakiti yenye maelezo.
6. Badilisha kioo kilichopasuka. Vipande vyake hukata vidole.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kutoa maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu ubora, matumizi na manufaa ya bidhaa. Mlaji aliyeuziwa kioo kwa ahadi isiyo ya kweli aanze kwa kurudi kwa muuzaji akiwa na risiti na pakiti. Asiposikilizwa, awasilishe malalamiko yake Tume ya Ushindani, akiambatanisha nakala za vielelezo hivyo na kueleza kwa ufupi alichoahidiwa na kilichotokea.