Mikono Yetu (5): Nyuzi za Sofala na sweta la Ngamiani

Rais Yoweri Museveni ametupa la kuzungumza. Mwishoni mwa Agosti 2023 alikuwa Mbale akizindua viwanda, na hapo akatangaza kuwa Uganda haitaki tena nguo za mitumba. Nguo hizo, alisema, ni za marehemu: Mzungu akishazikwa, mavazi yake hukusanywa yakaletwa Afrika. Papo hapo akazipiga marufuku na mita za umeme na nyaya kutoka nje, ambazo sidhani kama zimewahi kuwa na marehemu. Tangu siku hiyo barazani kwetu Tanga hapazungumzwi jingine, na wasomaji wa safu hii wamenitaka niseme niko upande gani.

Nitasema, nafasi ikibaki. Kwanza nina deni. Tulipomaliza ukili na mkindu katika makala ya nne niliahidi kufika kwenye uzi, na uzi wa Pwani hauelezeki bila Sofala. Wanaonijua wanajua kwamba nikishafika Sofala sirudi mapema.

Lakini neno lenyewe kwanza. Habari za marehemu si mpya. Sisi wenyewe, enzi zile nguo hizi zikivaliwa kwa kificho, tuliziita kafa Ulaya. Waghana kwa Kiakan wana jina lenye maana hiyo hiyo, la Mzungu aliyekufa. Wazambia walitazama kwingine: salaula yao ni kule kupekua rundo kwa mkono. Kwetu lilishinda neno mitumba, na hilo ni neno kongwe lenye heshima zake. Mtumba wa karne ya 19 ulikuwa furushi la nguo mpya, limekazwa kwa kamba, kilo 30 na ushei, kajitwika Mnyamwezi kati ya Bagamoyo na Tabora au Ujiji. Ndani mlikuwa na kaniki, au merikani, ile nguo ya viwanda vya Massachusetts iliyomiminika Unguja baada ya mkataba wa Sayyid Said na Marekani wa mwaka 1833. Mtumba ulikuwa mali. Ulilipa hongo njiani, ukanunua pembe, ukanunua na chakula cha msafara. Kwa hiyo Mmarekani alianza kutuletea mitumba tangu zama za Sayyid Said; tofauti ni kwamba zamani zile nguo ilianza kuvaliwa huku.

Sasa Sofala. Iko Msumbiji, kusini mwa mto Zambezi, na ilikuwa miongoni mwa bandari za kusini kabisa za Waswahili, mahali dhahabu ya nyanda za Zimbabwe ilipokutana na vyombo vya bahari. Wareno walijenga ngome yao pale mwaka 1505 wakidhani dhahabu itawafuata. Haikuwafuata, kwani wenye dhahabu walizoea nguo za Kambaya, yaani za Gujarati, na Mreno hakuja na nguo za Kambaya. Miongoni mwa Wareno wa zama hizo alikuwako mmoja, Duarte Barbosa, aliyekamilisha karibu mwaka 1516 kitabu cha habari za nchi za Bahari ya Hindi. Huyu ni mtu wa macho. Hapiti mji bila kutazama watu wamevaa nini na wanauza nini. Kuhusu Sofala anaeleza kwamba Waislamu wa pale walilima pamba wakafuma nguo nyeupe wenyewe. Rangi hawakuwa nayo. Basi walichukua nguo za Kambaya, za buluu na za rangi nyingine, wakazifumua, kisha wakaufuma tena ule uzi pamoja na uzi wao mweupe. Ikatoka nguo mpya kabisa, na kwa nguo hiyo wakapata dhahabu.

Nilikutana na ukurasa huo nikiwa kijana chuoni, na sijui nimeurudia mara ngapi. Kila mara kinachonisimamisha ni kule kufumua. Wapo wanaousoma kama habari ya ufukara: hawakuwa na rangi, masikini, wakaokoteza. Waliousoma hivyo hawajawahi kukaa na kipande cha nguo wakajaribu. Nimejaribu mimi, kwa kitambaa cha pamba kisichozidi upana wa leso ya mfukoni. Unashika mshindio mmoja, unauvuta polepole kutoka katikati ya mtande, unauzungusha kwenye kijiti, unashika wa pili. Ukiharakisha unakatika. Baada ya saa nzima nilikuwa na kidonge kidogo cha uzi, macho mekundu, na heshima mpya kwa watu wa Sofala. Mtu hafumui nguo nzima kwa kukosa kazi. Anafumua kwa sababu ameshaiona kichwani ile itakayotoka, na anajua wa kumuuzia.

Wala kazi ya kitambaa haikuwa jambo la kubahatisha katika pwani hii. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta nguo zinazotengenezwa hapo zikisafirishwa hadi Misri. Na mwanaakiolojia Neville Chittick alipochimba Kilwa Kisiwani, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, ardhi ilimtolea vigurudumu vya kusokotea uzi, vile vinavyowekwa chini ya kijiti ili kizunguke kwa uzito. Vingi ni vigae. Chungu kilivunjika, mtu akaokota kipande, akakichonga mviringo, akakitoboa katikati. Chungu kilichokwisha kupika kikaanza kusokota! Nikiwa hapo hapo kwenye vigae, nenda Kunduchi ukatazame makaburi ya kale yalivyopachikwa bakuli za China, kisha tazama ua wa nyumba yoyote ya mtaani kwenu iliyosakafiwa kwa vipande vya vigae vilivyobaki kwenye ujenzi wa watu wengine. Fundi wa leo hajawahi kusikia habari za Kunduchi, ila mkono wake unazijua.

Nyuzi za Sofala, hata hivyo, nilidhani zimekatika. Nilidhani hivyo hadi mwaka jana, nilipokwenda Ngamiani, hapa Tanga, kutafuta mkanda. Belo la mitumba lilikuwa limefunguliwa asubuhi ile, na pembeni ya rundo la mashati palikuwa na rundo la masweta. Masweta Tanga ni mali ya watu wa Lushoto. Hushushwa bei mapema ili wachuuzi wa milimani wayawahi. Lakini aliyekuwa akiyachagua ni mama wa hapa hapa mjini, na alichagua kwa namna ya ajabu. Hakupima mabega, hakutazama rangi kwanza. Aliligeuza kila sweta ndani nje akachunguza mshono wa ubavuni, akalitupa, akachukua jingine. Aliponiona akaniamkia. Kumbe nilimfundisha darasa la sita.

"Unatafuta nini humo, mwanangu?"

"Natafuta uzi, mwalimu."

Alinipa somo palepale, nami nalileta hapa kama nilivyolipata. Sweta lililofumwa vipande kwa umbo lake lina kingo nzima. Ukikata uzi wa mshono vipande vinaachana, na kila kimoja ni uzi mmoja mrefu. Sweta lililokatwa kwa mkasi kutoka kwenye kitambaa cha mashine, likapigwa ovaloki, halifai hata likiwa zuri namna gani, maana kila mstari umekwisha kukatwa pembeni na utaambulia vipande vifupi. La sufu lililoingia maji ya moto likajikunyata nalo liache, nyuzi zimeshikamana hazitoki. Lililo jema hufumuliwa kuanzia mabegani kushuka, kwa sababu juu ndiko mfumaji alikomalizia. Ukianzia pindo la chini uzi utakugomea. Ukitoka una mawimbi kama nywele zilizofumuliwa misuko. Unauzungusha kwenye mgongo wa kiti, unaufunga mahali panne usitatizike, unaufua, unautundika na chupa ya maji chini yake mpaka ukauke umenyooka. Hapo ndipo sindano ya kroshia inapoingia. Anafuma kofia na soksi za watoto wachanga, kwa kuwa Tanga na joto lake lote haijaacha kumvika mtoto mchanga kofia ya sufu, na siku za harusi anapata oda za vitambaa vya makochi.

Sikuweza kujizuia. Nilimweleza Sofala yote, Barbosa, Kambaya, dhahabu. Alisikiliza kwa adabu, kidole kimeingia kwenye mshono wa sweta, nilipomaliza akasema: "Mwalimu, darasani ulitufundisha Vasco da Gama. Hili hukutufundisha."

Ni kweli. Niliwafundisha majina ya mabaharia na miaka waliyotia nanga, na wao wakayakariri. Aliyefumua nguo ya Kambaya hakuwa kwenye mtihani. Na kipindi cha kazi za mikono, walipokuwa nacho, mimi nilikitumia kusahihisha madaftari huku watoto wakifagia uwanja. Naandika haya kwa sababu nitasema jambo juu ya vijana, na sipendi mtu anijibu kwamba najifanya sina mkono katika kosa.

Mjukuu wangu wa chuo alitaka kuitupa suruali ya jinzi kwa sababu zipu imeharibika. Zipu! Mtaa wa pili kuna fundi mwenye cherehani barazani, mzee wa watu, ambaye suruali moja ya Mzungu mnene huitolea kaptura mbili za watoto na mfuko wa kwendea sokoni. Anapunguza viuno, anageuza kola za mashati upande uliochakaa ukaingia ndani, anatoa vifungo vyema kwenye nguo mbovu na kuviweka kwenye kopo la maziwa. Kopo lile ni duka. Vijana hupita mbele yake wakienda kununua suruali nyingine kwenye lile lile rundo, kwa bei inayoshinda ya zipu. Wanasema wana ubunifu, na sikatai, kwani wanajua kulinganisha rangi kuliko sisi tulivyojua. Lakini kuchagua kwenye rundo ni nusu ya kwanza ya kazi, na wengi wao huishia hapo, wakajipiga picha.

Nafasi inakwisha, na nimeulizwa habari za marufuku. Kwa kifupi: si mara ya kwanza. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuachana na mitumba ifikapo 2019. Wafanyabiashara wa Marekani wa nguo hizo walilalamika kwa serikali yao, serikali yao ikatukumbusha AGOA, ule mpango wa kuuza bidhaa zetu Marekani bila ushuru, na nchi moja moja ikarudi nyuma. Rwanda haikurudi. Ilishapandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha wa kodi wa AGOA. Anayetangaza marufuku leo anaijua hesabu hiyo.

Nao wanaoitetea mitumba, wakitaka kunitumia Sofala kama shahidi, wasiruke sentensi ya kwanza ya Barbosa. Pamba ilikuwa yao. Waliuchanganya uzi wa mgeni na uzi mweupe waliousokota wenyewe, kwenye mtande wao wenyewe. Pamba yetu ya Simiyu na Shinyanga, sehemu kubwa, inapanda meli ikiwa robota, na nguo inashuka melini ikiwa robota. Urafiki pale Ubungo, kiwanda tulichojengewa kwa msaada wa China mwaka 1968, kilivisha nchi nzima kanga na mashuka, na sina haja ya kumweleza msomaji wa safu hii kilivyodorora baadaye. Upande wangu basi ni huu: marufuku isitangulie kiwanda. Ukilifunga belo leo, yule mama hatapata uzi wa Simiyu kesho. Atapata sweta jipya la plastiki la bei rahisi, limepigwa ovaloki kila upande. Yapo mengi ya kusema hapa na mhariri ameniwekea mpaka. Makala ijayo tutarudi kwenye mnazi, tuanze na pakacha.

Juzi nilipita kwa yule mama kumsimulia hotuba ya Mbale. Alinipa kigoda, akaniambia ninyooshe mikono yote miwili, akaanza kuizungushia uzi wa kijani kutoka kwenye sweta dogo la shule ya nchi za watu. Nembo bado ilikuwa kifuani. Nikamfikishia ile habari ya marehemu.

"Mwenye hili hajafa, mwalimu," akasema. "Alikua tu, likambana."

Akaendelea kuzungusha. Simu ikalia mfukoni mwangu, na sikuwa na mkono wa kuipokea.